Neno, Shaka na Imani: Isimu Inavyoweza Kutusaidia Kumfikiri Mungu kwa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Kwa desturi, mhadhara wa namna hii huhusu fonolojia, mofolojia au historia ya fasihi. Leo nimechagua mada iliyo mpakani mwa isimu na imani, nami nina sababu mbili za kufanya hivyo. Ya kwanza ni ya kitaaluma: Wakristo wasemao Kiswahili humfikiri Mungu kwa maneno ya Kiswahili, na maneno ni kazi yetu. Ya pili ni ya nafsi yangu, nami naomba radhi kuieleza.

Zaidi ya miaka 30 iliyopita, nikiwa ndiyo kwanza nimeanza kufundisha, mdogo wangu wa kike alifiwa na mtoto wake wa kwanza, mvulana wa miaka 4, kwa homa ya siku mbili. Matangani, karibu kila aliyeingia alimpa mkono na kumwambia jambo lile lile: ni mapenzi ya Mungu. Siku ya tatu, watu walipopungua, aliniita uani akaniuliza, "Kaka, wewe ndiye mtu wa lugha. Hayo mapenzi wanayoyasema ni mapenzi gani? Mtu akikupenda ndivyo anavyokufanya?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia asikufuru. Tangu siku ile hakukanyaga kanisani kwa miaka 11.

Azma ya mhadhara huu ni kulijibu swali lile, ijapokuwa kwa kuchelewa. Hoja yangu ni kwamba baadhi ya mashaka ambayo Mkristo huyaona kuwa ni mashaka juu ya Mungu, kwa hakika ni mashaka juu ya neno. Mashaka ya aina hiyo isimu yaweza kuyapunguza. Yako mengine ambayo isimu haiwezi kuyagusa, na ni uaminifu wa kitaaluma kukiri hivyo. Kuyatenganisha mawili hayo ndiyo kazi tuliyo nayo leo.

2.0 Shaka, mashaka na imani

Tuanze na neno lenyewe. Shaka limetokana na neno la Kiarabu shakk, lenye maana ya kutokuwa na yakini. Umbo mashaka, kwa upande wake, hutumika sana kwa maana ya taabu na dhiki: mtu aliyepatwa na mashaka si lazima awe na wasiwasi wa kiakili, huenda ameunguliwa na nyumba. Wanafunzi wengi hudhani kwamba maana hii ya pili imezaliwa na ile ya kwanza kwa njia ya wingi. Lakini Kiarabu kina neno jingine, mashaqqa, lenye maana ya ugumu na taabu, na mzizi wake ni tofauti. Kwa kuwa sauti ya q ya Kiarabu aghalabu hugeuka kuwa k katika Kiswahili, kama ionekanavyo katika kalamu na wakati, maneno mawili yaliyokuwa mbalimbali yalikutana katika umbo moja.

Mkutano huo ni wa bahati ya kifonolojia, lakini mzungumzaji wa leo haijui historia hiyo. Kwake yeye, mwenye mashaka ni mwenye taabu na pia ni mwenye kusita. Nadhani hapa lugha, pasipo kukusudia, imesema kweli. Watu wengi hawaanzi kumshuku Mungu kwa sababu wamesoma falsafa. Huanza kumshuku kwa sababu wameumia.

Aidha, tutazame imani. Hili nalo ni neno la Kiarabu, lakini Kiswahili kimeliongezea fahiwa ambayo wengi huisahau. Tunaposema kwamba fulani ni mtu wa imani, au kwamba alimwonea yatima imani, tunazungumzia huruma. Kumbe katika Kiswahili mtu asiye na imani si yule tu asiyesadiki; ni yule pia asiyehurumia. Mhubiri anayemkemea mwenye shaka kwa ukali, kama nilivyomkemea mdogo wangu, hana budi kujiuliza ni nani kati yao aliyepungukiwa na imani.

Hata Kigiriki cha Agano Jipya hakimweki mwenye shaka katika kundi la makafiri. Kitenzi distazo, kinachotumika katika Injili ya Mathayo kwa Petro alipoanza kuzama na kwa baadhi ya wanafunzi waliomwona Yesu baada ya kufufuka, kimejengwa juu ya dhana ya uwili. Mwenye shaka ni mtu aliyesimama mahali pawili kwa wakati mmoja. Na wale wanafunzi, kwa mujibu wa Mathayo, ndio waliotumwa ulimwenguni; hawakuambiwa wamalize kwanza shaka lao.

3.0 Je, Mungu ni jina la kigeni?

Shaka la kwanza ninaloulizwa na vijana ni hili: kwamba Mungu wa Wakristo aliletwa na meli pamoja na wamisionari. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Edward Steere, aliyekuwa Askofu wa Zanzibar tangu 1874, aliongoza kazi ya kutafsiri katika Kiunguja. Biblia nzima ya Kiunguja ilitoka 1891, ya Kimvita 1914, na ile iitwayo Tafsiri ya Umoja 1952. Katika kazi zote hizo watafsiri hawakuleta jina kutoka Ulaya. Walilikuta.

Mungu ni neno la Kibantu. Umbo lake la kale huonekana katika lugha jirani kama Mulungu, kwa mfano katika Kigiriama, Kiyao na Kichewa. Kiswahili kilidondosha l baina ya irabu, kama kilivyofanya katika njaa, ambayo jirani zetu wengi huiita njala. Ndiyo maana Steere na wenzake wa karne ya 19 waliandika Muungu, kwa u mbili. Waislamu wa pwani walikuwa wakilitumia jina hili katika sala na tungo zao pamoja na Allah na Mola muda mrefu kabla ya misheni.

Kisarufi pia neno hili lina jambo la kutufunza. Wingi wake, miungu, hulifananisha na mti na miti. Lakini tunasema Mungu anasikia, wala hatusemi Mungu unasikia. Umbo la nomino ni la ngeli ya miti, upatanisho ni wa ngeli ya watu. Mswahili hakungoja mwanateolojia amwambie kwamba Mungu husikia na hujibu. Sarufi yake ilikwisha kumweka Mungu upande wa wenye nafsi.

Hata hivyo, si kila mahali uteuzi wa jina ulikwenda salama. Okot p'Bitek, mshairi na mwanazuoni wa Uganda, ameeleza jinsi wamisionari wa Kitaliano walivyowauliza wazee wa Kiacholi mwaka 1911 ni nani aliyewaumba. Lugha yao haikuwa na kitenzi cha kuumba kwa maana ya Kikristo, kwa hiyo swali likageuka kuwa ni nani aliyewafinyanga. Wazee walishangaa, kwani mtu huzaliwa na mama. Walipobanwa, mmoja akakumbuka kwamba mtu akipata kibyongo cha uti wa mgongo husemwa amefinyangwa na Rubanga. Jina la roho liletalo ulemavu likachukuliwa kuwa jina la Muumba. Okot alikuwa na ugomvi wake na wanateolojia, akiwamo John Mbiti wa Kenya, nami siingii katika ugomvi huo. Ninalotaka mlione ni kwamba swali likiulizwa vibaya, jibu sahihi kabisa huzaa upotofu.

4.0 Wivu na kicho

Shaka la pili linahusu sifa. Katika Kitabu cha Kutoka, mlango wa 20, Tafsiri ya Umoja humwita Mungu mwenye wivu. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniambia kwamba hawezi kumwabudu mwenye tabia ambayo mama yake alimkanya tangu utotoni. Alikuwa na haki ya kuuliza.

Kivumishi cha Kiebrania kilichopo hapo ni qanna. Katika Biblia nzima kivumishi hiki hutumiwa kwa Mungu peke yake. Nomino ya jamii yake, qin'a, hubeba mambo mawili ambayo Kiswahili huyatenga: wivu, na pia juhudi kali ya kulinda kilicho chako. Wivu wa Kiswahili, katika matumizi ya kila siku, hukaa karibu mno na husuda na kijicho, yaani kuumizwa na mema ya mwenzako. Mungu wa Kitabu cha Kutoka haoni kijicho. Muktadha ni wa agano, kama la ndoa, na anayezungumza ni mwenye agano asiyekubali lichezewe. Tunalo neno ghera, lenye asili katika Kiarabu, ambako hugusa wivu wa kulinda heshima. Kwetu limekuwa hima na shauku ya kutenda. Sisemi kwamba tuliweke ghera mahali pa wivu. Nasema kwamba maana iliyokusudiwa imo njiani baina ya maneno hayo mawili, na mhubiri asiyeifafanua humwachia msikilizaji Mungu mwenye husuda.

Kinyume chake, yako mahali ambapo Kiswahili kimetusaidia kuliko lugha nyingine. Kiebrania hutumia neno moja, yir'a, kwa woga na kwa heshima kuu. Kiswahili kina kitenzi -ogopa, na kina kitenzi kikongwe cha silabi moja, -cha, kilichotupatia kicho, uchaji na mcha Mungu. Mtu humwogopa simba, hamchi. Watafsiri walipochagua kumcha, waliziba mlango ambao upotofu mmoja mkubwa ungeingilia, yaani kudhani kwamba dini ni kumkimbia Mungu. Inasikitisha kwamba kitenzi hiki kinafifia, na vijana wengi husema kumwogopa Mungu pasipo kuhisi tofauti. Neno likifa, upotofu uliokuwa umezuiwa nalo hurudi.

5.0 Mwana

Shaka la tatu husikika sana pwani, ambako Wakristo na Waislamu hukaa ua mmoja: Mungu atakuwaje na mwana ilhali hana mke? Hapa inafaa tuitazame mofimu mwana. Mwananchi hakuzaliwa na nchi, mwanachama hakuzaliwa na chama, wala mwanasheria hakuzaliwa na sheria. Katika viambatani hivi, mwana hueleza uhusiano: mtu aliye wa kitu hicho na anayekiwakilisha. Hali kadhalika, mwana huwa jina la heshima, kama kwa mshairi Mwana Kupona binti Msham, aliyemtungia bintiye utenzi wake maarufu mwaka 1858. Si bure basi kwamba watafsiri walichagua Mwana, wakaliacha mtoto.

Lugha za Kisemiti nazo zina tabia hiyo. Kiarabu humwita msafiri mwana wa njia, kwa neno ibn, na hakuna afikiriye kwamba njia imezaa. Neno walad, kwa upande wake, limetokana na mzizi wa kuzaa. Wazo la uzazi wa kimwili kwa Mungu Waislamu hulikana. Lakini Wakristo nao hulikana. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ulipotumia lugha ya kuzaliwa, ulikusudia kusema kwamba Mwana si kiumbe, wala haukukusudia kumpa Mungu mke.

Naomba nisieleweke vibaya. Maelezo haya hayaondoi tofauti ya mafundisho baina ya dini hizi mbili. Tofauti hiyo ipo, na ni ya heshima. Huondoa tu jambo ambalo hakuna upande ulioliamini. Majirani wakiisha kuacha kubishania lile lisilosadikiwa na yeyote, wanaweza kuzungumza juu ya lile wanalotofautiana kweli.

6.0 Kutiwa majaribuni

Sasa tunakaribia swali la mdogo wangu. Katika Sala ya Bwana mwenye kusali humwomba Mungu asimtie majaribuni. Katika sala ya Wakatoliki neno ni kishawishi. Kitenzi -tia huleta shaka la wazi: je, Mungu ndiye atutiaye? Waraka wa Yakobo, mlango wa kwanza, unakana kwamba Mungu humjaribu mtu kwa maovu. Suala hili si la Waswahili peke yao. Kanisa Katoliki la Ufaransa lilibadilisha maneno ya sala hiyo tarehe 3 Desemba 2017, ili mwenye kusali aombe asiachwe aingie katika jaribu. Mwezi huo huo Papa Francis alisema kwamba tafsiri iliyomfanya Mungu kuwa mwenye kuongoza kwenye jaribu haikuwa nzuri. Waitalia nao walibadilisha mwaka 2020.

Kigiriki cha Mathayo kina kitenzi cha kuingiza, na watafsiri wetu hawakukosea walipokifuata. Lakini baadhi ya wanazuoni hudokeza kwamba nyuma ya Kigiriki hicho kuna usemi wa Kisemiti, ambamo kauli ya kutendesha huweza kumaanisha kulazimisha na pia kuacha jambo litokee. Mswahili hahitaji kwenda mbali kulielewa hilo. Tukisema mlinzi alimwingiza mgeni, je, alimsukuma ndani, au alimfungulia mlango? Kauli yetu ya kutendesha inaruhusu yote mawili, na muktadha ndio uamuao.

Isitoshe, neno la Kigiriki peirasmos ni kupimwa na pia ni kushawishiwa. Mwalimu humpima mwanafunzi akitaka afaulu. Mshawishi humvuta mtu akitaka aanguke. Neno majaribu limeyabeba yote mawili, na asiyetenganisha atamwona mwalimu kuwa ni mshawishi.

7.0 Mapenzi

Nafika kwenye neno la matangani. Kigiriki kina thelema kwa maana ya utashi au kusudi, na kina agape kwa maana ya upendo. Ni maneno mawili yasiyo na mzizi mmoja. Kiswahili kimeyatoa yote katika kitenzi kimoja, -penda. Agape imekuwa upendo, na thelema imekuwa mapenzi. Hili si kosa, kwani -penda kwa muda mrefu limekuwa na fahiwa ya kutaka: tunaposema Mungu akipenda tutaonana kesho, hatuzungumzii mahaba, tunasema Mungu akitaka. Lakini katika karne iliyopita neno mapenzi, nje ya kanisa, limezidi kuelekea mahaba na huba, hata ile fahiwa ya utashi imebaki karibu katika ibada tu. Kwa hiyo mama aliyefiwa akiambiwa kwamba kifo ni mapenzi ya Mungu, husikia maneno mawili kwa pamoja: kwamba Mungu ametaka mwanawe afe, na kwamba huko ndiko kupenda. Msemo mwingine wa misibani, kwamba Mungu amempenda zaidi, hukaza fundo hilo.

Hiyo ni nusu ya kwanza ya jibu. Nusu ya pili ni kwamba hata tukilisoma neno hilo kwa maana ya utashi, bado linadai uangalifu. Katika Sala ya Bwana, mapenzi ya Mungu ni jambo linaloombwa litimizwe duniani. Haliombwi lililokwisha kutimia. Hiyo ni pragmatiki ya kawaida: anayeomba jambo anakiri kwamba jambo hilo bado. Basi sala yenyewe inadokeza kwamba si kila litokealo duniani ndilo Mungu alitakalo. Na Injili zinamwonyesha Yesu akifuata njia hiyo. Alipoulizwa juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, alikataa kwamba ni dhambi yake au ya wazazi wake. Alipotaja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikana kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Na kwenye kaburi la Lazaro hakuwaambia Martha na Mariamu kwamba ni mapenzi ya Mungu. Alilia.

8.0 Mipaka ya isimu

Mwenyekiti, ningekuwa mwongo kama ningemalizia hapo. Baada ya kuyachambua maneno yote haya, bado mtoto yule alikufa, na Mungu mweza yote hakuizuia homa. Hilo si shaka la neno. Hakuna ngeli, wala mzizi, wala kauli ya kutendesha itakayoliondoa. Kitabu cha Ayubu kimelizungumza kwa milango 42, na mwishoni wanaokemewa ni marafiki waliokuwa na maelezo ya kila kitu. Ayubu aliyelalamika ndiye anayeambiwa kwamba amesema sawasawa. Mwanaisimu akifika hapo anyamaze, asije akawa rafiki wa nne.

Hata hivyo, kazi yetu si ndogo. Kwenu wanafunzi mtakaokuwa watafsiri, wahariri wa kamusi na walimu: fahiwa zinapohama, andikeni, kwa sababu neno lililohama humwacha msikilizaji na Mungu asiyehubiriwa na mtu yeyote. Kwa wahubiri, ombi langu ni kwamba waulize kwanza mwenye shaka amesikia nini, kabla ya kumwambia asadiki nini. Aghalabu watagundua kwamba anachokikataa, wao nao hukikataa.

Mdogo wangu alirudi kanisani mwenyewe, kwa njia yake, wala si kwa hoja zangu. Mwaka jana nilimpelekea rasimu ya mhadhara huu aisome. Aliisoma siku mbili. Kisha aliniambia kwamba sehemu ya mapenzi imemfaa, kwa kuwa kwa miaka mingi alimshitaki Mungu kwa neno ambalo pengine hakulisema. Halafu akaongeza, "Lakini, Kaka, siku ile ungeniambia tu kwamba hujui, ukakaa nami pale uani, ingalinitosha."

Nimeyaacha maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu yanafundisha zaidi ya mhadhara wangu.